Yule konda wa Gongo la Mboto aliyeniita denti (mwanafunzi) mbele ya mwanangu, leo sitanii!

Kifaru wa Ukonga (mleta uzi)

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Niko kituoni Tazara, kazini nimeshachelewa, na nichelewe tu.

Yule konda. Simtaji. Mnaopanda gari za Gongo la Mboto kwenda Buguruni asubuhi mnamjua. Yule anayekunja noti kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole mpaka kiganja kinafanana na feni, halafu anachezesha sarafu sikioni mwako hata kama umeshalipa. Huyo huyo.

Leo nimepanda Banana na kijana wangu. Yuko kidato cha pili, anashukia Jet. Sare kamili: shati jeupe, suruali ya bluu, beji, begi limejaa madaftari mpaka zipu imegoma. Nikatoa buku. Mkubwa 600, mwanafunzi 200, chenji yangu 200. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

Konda akamtazama mtoto juu mpaka chini. Ni kweli dogo ni mrefu, amechukua kwa wajomba zake, na sharubu ndiyo zinaanza kuchungulia. "Huyu naye denti?" Nikamwambia ndiyo. "Denti gani ana sharubu? Huyu mzee mwenzangu, mia sita." Nikamwonyesha beji. Nikamwonyesha begi. Mtoto mwenyewe akatoa kitambulisho cha shule, kina picha na muhuri. Jamaa hata hakukisoma. Akanigeukia MIMI. Akanitazama. Akacheka. Halafu kwa sauti ile ile ya kuitia abiria:

"Aaaah, nimewaelewa! Mzee analipa mia sita, huyu dogo ndiye denti! Shika chenji yako dogo, usichelewe mstarini."

Akaniwekea mia mbili mkononi. Akanipiga piga begani.

WAKUU. Mimi nina miaka 41. Nina mke. Nina kitambi, si kikubwa lakini kipo. Gari zima lilicheka, suka (dereva) naye akacheka mpaka akapitiliza kituo cha Kipawa na hakuna abiria aliyelalamika. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alicheka mpaka kifuniko kikadondoka. Na mwanangu wa kumzaa, ninayemnunulia viatu, aligeuza uso dirishani mabega yanamtikisika.

"Usichelewe mstarini." Mimi!

Mamlaka zipo wapi? Mwanafunzi anapimwa kwa sharubu? Kwa rula? Naomba wahusika walishughulikie. Na namba ya gari ninayo.

Mtoto wa Chanika

Wa kwanza. Ngoja nivute kiti.

Sungura Mjanja II

Mkuu, ngoja nielewe. Ulitaka kulipa 800. Umelipa 800. Chenji yako 200 umepewa. Sasa umedhulumiwa nini?

Kifaru wa Ukonga

Sungura hujasoma uzi. Kaniita DENTI. Mbele ya mtoto.

Sungura Mjanja II

Nimesoma. Kifaru, hebu tuambie urefu wako tuchangie tukiwa na taarifa kamili.

Bi Mkora

🤣🤣🤣 "Shika chenji yako dogo." Nimepaliwa na chai hapa. Huyo konda apewe soda.

Kifaru wa Ukonga

Urefu hauhusiani na mada. Halafu sikumaliza kusimulia. Nilitoa kitambulisho changu cha NIDA nikamwekea usoni. Mnajua alisema nini? "Rudisha cha baba yako mfukoni kisipotee." Huku anamwonyesha mwanangu kwa kidole!

Mtoto wa Chanika

Hapo kakumaliza. Omba mods wafunge uzi tu, mkuu.

Mzee wa Body

Jamani tusicheke tu. Mimi nimekuwa konda miaka mingi, sasa nauza vipuri, naweza kusema. Asubuhi kila konda ana mizani machoni. Tajiri mwenye gari anataka hesabu yake jioni, hakuulizi ulibeba madenti wangapi. Denti akikaa siti ya mtu wa 600, mia nne imeondoka, na hakuna ofisi inayokurudishia. Serikali imetoa punguzo kwa mfuko wa mtu mwingine. Ndiyo maana unasikia "denti wawili tu, wengine subirini gari la nyuma", na gari la nyuma nalo linasema hivyo hivyo. Mwenye sharubu anaonewa zaidi kwa sababu angalau unapata pa kubishia.

Mwalimu wa Zamu

Mzee wa Body ameongea point lakini asiwatetee. Sisi tunaowapokea hawa watoto getini ndio tunaojua. Anafika saa 3, ametoka nyumbani saa 11 alfajiri, gari zimempita anaziona. Akifika naye anaadhibiwa kwa kuchelewa. Na tazameni nauli zilivyokwenda: Mei 2022 mkubwa wa safari isiyozidi kilomita 10 alitoka 400 kwenda 500, Desemba 2023 akatoka 500 kwenda 600, mwanafunzi kaachwa palepale 200. Kwenye karatasi ya LATRA, wale wapanga nauli, ni huruma. Mlangoni mwa daladala kila nyongeza ya mkubwa inamfanya denti azidi kuchukiwa. Nilishamwona konda anamziba mtoto wa darasa la tatu kwa mguu, huku anamvuta mama wa nyuma yake kwa mkono.

Bi Mkora

Hiyo ya mguu naijua. Mguu mlangoni, macho anatazama juu kama vile hayupo.

Kifaru wa Ukonga

Asante mwalimu. Tatizo ndilo hilo. Sasa fikiria mguu huo huo anautoa MIMI NIPITE kwa sababu anadhani ni mwanafunzi mwenye hela. "Usichelewe mstarini"!

Jero Mfukoni

Hivi sheria inasemaje hasa, sare au kitambulisho? Maana mdogo wangu Jumamosi anaenda masomo ya ziada na nguo za nyumbani, akitoa kitambulisho anaambiwa "leo shule imefungwa, wewe ni raia." Ijumaa akivaa fulana ya michezo anaambiwa "hiyo jezi." Akivaa sare anaambiwa "kitambulisho kiko wapi?" Wakati wa likizo ndiyo usiseme kabisa.

Mzee wa Body

Konda anauliza kile ambacho huna. Hiyo ndiyo sheria ya barabarani.

Boom Halijaingia

Nyie mna bahati mnabishania sharubu. Sisi wa chuo ukitoa kitambulisho, konda anakiangalia, anakisifia picha, anakurudishia na kudai 600. Mimi na huyo wa kidato cha pili nani hana hela? Boom, hela ya mkopo wa chuo, halijaingia, nimekula mihogo tangu juzi.

Sungura Mjanja II

Boom, jaribu kupanda na Kifaru. Anaweza kukupitisha kama mdogo wake.

Mama Wawili Goba

Na hii elimu bila malipo jamani tuiseme vizuri. Ada imefutwa toka 2016 mpaka kidato cha nne, cha tano na cha sita toka 2022, sawa, tunashukuru. Ila ada haikuwa inampandisha mtoto gari. Shule ya kata wanakupangia uliko mbali, mia mbili kwenda mia mbili kurudi, ukiwa na watatu hiyo ni 1,200 kila siku kabla hawajanunua hata andazi. Na hiyo ni kama gari ni moja. Ukiunganisha mara mbili, zidisha.

Mbongo Ughaibuni

Niko Uingereza, niwape ya huku msidhani ni peponi. Huku halmashauri inampeleka mtoto bure, ILA: chini ya miaka 8 shule iwe zaidi ya maili 2, kuanzia miaka 8 iwe zaidi ya maili 3, na iwe ndiyo shule ya karibu inayomfaa. Binti yangu ana miaka 9. Kwa gari naona zaidi ya maili 3 kabisa. Wao wakapima kwa njia ya miguu, wakakatiza kichochoro cha nyuma ya mashamba, ikatoka pungufu kidogo. Nikawaambia kile kichochoro kina tope hadi kwenye kifundo na Desemba saa 10 jioni giza limeshaingia. Wakajibu njia ni salama akisindikizwa na mzazi. Nani amsindikize, na mimi niko zamu?

Mtoto wa Chanika

Maili 3 si karibu kilomita 5? Mkuu huku hiyo anatembea wa chekechea, tena kabeba ufagio na kidumu cha maji.

Mbongo Ughaibuni

Usinichekeshe. Huku umruhusu wa chekechea atembee peke yake, jioni wanakuja watu wa ustawi wa jamii kugonga mlango.

Wanjiru wa Rongai

Nyinyi Watanzania mko na nauli ya wanafunzi kabisa? Huku Nairobi mtoto akikalia kiti, analipa kiti. Ukitaka asilipe unampakata, hata kama miguu yake inafika chini. Na mvua ikinyesha nauli inapanda kabla hata hujafungua mwavuli. Huyo makanga wenu alirudisha chenji bila kuitishwa? Mlindeni sana.

Bi Mkora

Hata mimi hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Konda wa Dar kurudisha mia mbili! Yangu ya Jumatatu iliyopita bado "inakuja".

Kifaru wa Ukonga

Naona mnamtetea mhalifu. Wakuu turudi kwenye mada. MADA ni kwamba mzazi mwenye miaka 41 kaitwa dogo na kupewa nauli ya punguzo bila kuomba.

Jero Mfukoni

Mada ni chenji. Wanakaa nazo makusudi mpaka ufike kituoni, wanajua una haraka.

Boom Halijaingia

Hamieni mwendokasi basi.

Mzee wa Body

Mwendokasi? Ile ya kusimama kituoni mpaka mzigo wa karanga unaota? Wanafunzi pale wanabanwa wanatoka bila vifungo.

Mama Wawili Goba

Afadhali nyie mnaosema daladala. Mimi wa mwisho yuko shule ya kulipia, nikasema nikimbie makonda. Gari la shule linampitia saa 10 na nusu ALFAJIRI. Mtoto wa darasa la kwanza! Linazunguka Goba, Makongo, Mbezi Beach kukusanya wenzake, anafika shule amelala kwenye begi na uji umemkauka shavuni. Nikauliza kwa nini asichukuliwe wa mwisho, nikaambiwa ruti inaanzia kwangu. Na Desemba wamefunga shule wiki ya kwanza, hela ya gari wamechukua ya mwezi mzima.

Jero Mfukoni

Hiyo ya Desemba ni wote. Sisi tulihoji kikaoni, tukaambiwa gari likisimama nalo linakula.

Bi Mkora

Linakula nini, matairi? Bora boda.

Mwalimu wa Zamu

Boda hapana dada. Nawaona getini wameshuka wanne kwenye pikipiki moja, yule wa mbele amekaa juu ya tangi la mafuta. Mishikaki ile siku ikidondoka hamtapata pa kuandikia uzi.

Sungura Mjanja II

Mama Wawili, hebu kwanza. Goba ya wapi? Kule juu au huku kwenye lami?

Mama Wawili Goba

Karibu na lami, dakika kumi kwa mguu. Kwa nini?

Sungura Mjanja II

Viwanja vinaendaje siku hizi? Shemeji yangu kaambiwa 20 kwa 20 bei ambayo nimemwambia atoke mbio.

Mama Wawili Goba

Inategemea kama kimepimwa. Kuna jirani anauza, ana hati, ila bonde kidogo. Njoo inbox.

Mtoto wa Chanika

Bonde kidogo maana yake masika unalala darini. Njooni Chanika wakuu, huku tambarare.

Sungura Mjanja II

Chanika na kazi yangu Posta? Nitoke saa ngapi?