Majirani wa Kibada: sola ya kwa Mama Latifa

*Mama Latifa:* Habari za jioni majirani. Fundi wa sola anakuja Jumamosi. Paneli 6 za wati 550, invata (ya kugeuza umeme wa paneli na betri uwe kama wa TANESCO) ya kilowati 5, betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100. Nimkague wapi?

*Baba Fahadi:* Ameshapanda juu ya paa? Paneli moja ya 550 ina kilo kama 28 na urefu unakaribia mita 2.3. Zote sita pamoja na reli ni kilo 200 hivi. Kenchi ziangaliwe kabla, hasa kama mchwa wamepita.

*Mama Latifa:* Alitazama kutokea chini tu.

*Baba Fahadi:* Basi aingie na darini. Miguu ya reli ishike kwenye papi, zile mbao zilizopigiliwa bati, si kwenye bati peke yake. Tundu litobolewe kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni maji yanakopita, na kila mguu uwe na mpira chini yake. Akitegemea silikoni tupu, siku moja itaachia na masika dari italowa.

*Neema (umeme):* Na huku kwetu kwenye upepo wa bahari boliti na nati ziwe stenlesi. Za kawaida chumvi inazila. Paneli zitazame kaskazini, zikiinuka nyuzi 10 hivi. Zikilala kabisa, vumbi na maji vinatuama kwenye ukingo wa chini.

*Mzee Kombo:* Na mwenye paa la mashariki na magharibi je?

*Neema (umeme):* Shikamoo Mzee. Hapa tulipo karibu na ikweta hupotezi mengi. Gawanya pande mbili, ila invata iwe na milango miwili ya paneli, kila upande na wake. Ukiziunga zote kwenye mstari mmoja, upande wenye jua dogo unauvuta chini mwingine. Kivuli cha mwembe ni vivyo hivyo.

*Mzee Kombo:* Marahaba. Nimeelewa.

*Neema (umeme):* Mama Latifa, pa kukaza zaidi ni breka. Paneli 6 zikiungwa mfululizo zinatoa karibu volti 300 za DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Breka ya kawaida ya nyumbani haifai hapo, hata kama ampea zinalingana. Umeme wa TANESCO unageuka upande na kupita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inajizima breka ikifunguka. Wa paneli haupiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka ndani mpaka plastiki inayeyuka. Soma ubavuni: iandikwe DC na volti zaidi ya hizo 300. Viungio vya waya vibanwe kwa koleo lake maalumu, na dume na jike viwe vya aina moja. Kiungio kilicholegea kinapata joto, halafu kinaungua.

*Baba Fahadi:* Waya wa betri pia. Invata ya kilowati 5 ikifanya kazi yote inavuta zaidi ya ampea 100 kwenye betri. Usikubali chini ya milimita 35 za mraba, uwe mfupi, na fyuzi karibu na betri. Erthi ichimbiwe rodi yake.

*Mama Latifa:* Nitapata uniti ngapi kwa siku?

*Neema (umeme):* Siku ya jua zuri, 11 au 12. Masika zinashuka sana. Betri yako ina uniti 5 na kidogo: friji, feni tatu, taa na tivii mpaka asubuhi inatosha. Pasi na pampu ya maji ziwashwe mchana.

*Baba Fahadi:* Na LUKU! Ziko mita zinazohesabu umeme wa sola unaorudi TANESCO kama umeutumia, uniti zinaisha huku sola inafanya kazi. Aweke kihisi cha invata kwenye waya unaotoka mita, na mpangilio wa kutorudisha umeme uwashwe.

*Mama Latifa:* Salio nimlipe lini?

*Neema (umeme):* Akishazima swichi kuu ya TANESCO mbele yako na friji, feni na pampu zikaendelea pamoja bila invata kulalamika. Apime volti za paneli ukiona, akupe mchoro wa waya na neno la siri la invata. Leseni yake ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, uione kabla hajagusa kitu.

*Mama Latifa:* Asanteni sana. Namwandikia sasa hivi aje kesho aingie darini, na anitumie picha ya breka.