Naomba ushauri: filamu ipi ya zamani nimpelekee mtu aliyenikasirikia?

Mtoto wa Projekta (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Siku zinakwenda na mimi nimekwama. Kuna mtu ninayempenda sana, tumekosana. Sote wawili ni wapenzi wa filamu za Hollywood za mapenzi na vichekesho za miaka ya 30 mpaka 50, za kina Cary Grant, Irene Dunne, Claudette Colbert na Audrey Hepburn. Nimeamua nimpelekee moja kwenye flashi aiangalie akiwa ametulia. Nimefikiria Roman Holiday ya 1953. Inafaa, au kuna bora zaidi? Nijibuni mapema, jambo lenyewe lina muda.

Binti Kisosora
Mpe It Happened One Night, 1934. Ilibeba Oscar zote tano kubwa: filamu, mwongozaji, mwandishi, mwigizaji wa kiume na wa kike. Clark Gable na Claudette Colbert wanalala chumba kimoja, katikati wametundika blanketi kwenye kamba, na blanketi lile lina mapenzi kuliko mabusu yote ya tamthilia za siku hizi. Niliiangalia na marehemu mama yangu. Kiingereza hakujua hata neno, lakini pale Colbert anapopandisha sketi barabarani ili gari lisimame, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Akasema, "Huyu dada kamzidi mumewe akili." Nikamwambia bado hawajaoana. Akazima televisheni!

Fundi Redio
Kwangu mimi hakuna kama Katharine Hepburn. 1951 alikuja huku kwetu, Kongo na Uganda, kupiga The African Queen na Humphrey Bogart. Maji yaliwaangusha karibu wote, Hepburn akaugua vibaya, ila Bogart na mwongozaji John Huston walipona kwa kuwa walikuwa wakinywa wiski. Mzee wangu aliisimulia hadithi hiyo kila akiulizwa kwa nini anakunywa.

Mama Wawili
"Jambo lenyewe lina muda." Muda gani? Mleta mada, weka nyama. Ni mchumba, mke, au mke wa mtu?

Mtoto wa Projekta
Si mke wa mtu. Naomba tubaki kwenye filamu.

Mama Wawili
Basi ni mkeo.

Mtoto wa Projekta
Ndiyo. Nilimpa talaka moja. Yeye yuko kwao Tanga, mimi niko Dar. Kwa hesabu yangu eda imebakiza siku 11. Na niseme ukweli, flashi nimeshamkabidhi shemeji tangu jana, ndani ina Roman Holiday. Najua mtasema nimekurupuka, lakini mke wangu anampenda Audrey Hepburn kuliko mwigizaji yeyote, na tuliiangalia wiki ile ya harusi. Nataka akumbuke tulivyokuwa.

Binti Kisosora
Jamani! Roman Holiday inaishia kwa KUACHANA. Binti mfalme anarudi kwenye wajibu wake, Gregory Peck anabaki peke yake kwenye ule ukumbi mkubwa, anatembea mikono mfukoni, viatu vinasikika sakafuni, basi. Mwanamke yuko edani, unampelekea kwaheri? Mpigie shemeji sasa hivi.

Mtoto wa Projekta
Anaujua mwisho wake, si mgeni. Ni filamu nzuri, ndiyo iliyompa Audrey Oscar yake. Sioni kosa.

Ustadhi wa Barabara ya 13
Ndugu yangu, tuanze na yaliyo makubwa. Kwanza, kwa nini yuko kwao? Mke wa talaka rejea ana haki ya kukaa na kulishwa nyumbani kwako mpaka eda iishe. Pili, eda kwa mwenye kupata hedhi ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi bila hedhi, si kalenda ya ukutani. Hizo siku 11 zako yeye ndiye anayezijua, huenda ni tatu. Tatu, sisi wa madhehebu ya Shafi mke harejewi kwa flashi, anarejewa kwa kauli, na ni vizuri wawepo mashahidi. Ikipita eda utahitaji ndoa mpya, mahari mpya na ridhaa yake. Na hao unaowategemea, Cary Grant alioa mara tano. Kuna la kujifunza hapo?

Nyeusi na Nyeupe
Ustadhi, kwa heshima, la kujifunza lipo. Kuna kundi zima la filamu juu ya hali ya huyu ndugu. 1934 Hollywood ilianza kubana kanuni zake za maadili, mapenzi ya nje ya ndoa yakawa magumu kuonyesha. Waandishi wakapata upenyo: chukua mume na mke waliotengana, wagombane, wataniane, halafu warudiane. Grant ndiye mume wa zamani katika tatu zilizo maarufu. His Girl Friday ya 1940 usimpelekee. Rosalind Russell yumo, maneno yanakwenda kasi hakuna mfano, lakini mume anamrudisha mke kwa hila, mpaka mchumba wa watu anatupwa mahabusu. The Philadelphia Story, 1940 pia, naipenda kwa sababu ya Katharine Hepburn. Wenye majumba ya sinema walishamwita sumu ya biashara 1938, akarudi na hadithi ambayo haki zake alizishika mwenyewe na kuwanyamazisha. Ila mle ndani baba na mume wa zamani wanampa mke darasa kwamba kosa ni lake. Mwenye hasira akiiona ataongeza hasira.

Inayobaki ni The Awful Truth ya 1937. Mle wote wawili wana makosa, na mwanamke ndiye mwenye mchezo. Irene Dunne anajifanya dada wa mumewe, anavamia nyumba ya matajiri akiimba na kuyumba, na Grant anamtazama kwa aibu na mapenzi kwa pamoja. Uso ule sijauona kwa mwigizaji mwingine. Leo McCarey alipata Oscar ya uongozaji. Dunne aliteuliwa mara tano maishani, hakupewa hata moja, na linaniuma mpaka leo.

Mama Wawili
Sawa, lakini hajasema alimkosea nini.

Mtoto wa Projekta
Nilipunguzwa kazini. Nikaona aibu kumwambia. Nikamuaga naenda Mwanza kikazi wiki mbili, kumbe nipo kwa rafiki yangu Kigamboni natafuta vibarua. Siku ya kurudi nikamletea dagaa wa Mwanza. Mfuko una jina la duka la Kariakoo. Akaona. Tukagombana, nikatamka.

Jicho Kali
Chai hii, na haijatiwa hata sukari. Katika hiyo hiyo The Awful Truth mume anadanganya kwamba alikuwa Florida, anajianika kwenye taa apate rangi ya jua, anarudi na kikapu cha machungwa. Mke anageuza chungwa, muhuri unasema California. Kisha talaka ina muda wa kungoja, usiku wa mwisho saa inakaribia saa sita. Ndugu amechukua machungwa kaweka dagaa, Florida kaweka Mwanza, mahakama kaweka eda. Wasimamizi, hamishieni uzi huu jukwaa la hadithi.

Fundi Redio
Duh. Na mimi nimeshamhurumia.

Mama Wawili
Mleta mada, jibu.

Mtoto wa Projekta
Sijatunga. Mke wangu aliushika ule mfuko, akaugeuza, akaniangalia, akasema: "Machungwa ya California." Hakuongeza neno. Tulikuwa tumeiangalia pamoja mara tatu. Mume mwingine asingeelewa. Mimi nilielewa pale pale, na nilitamka kwa sababu ya ile aibu, si kwa hasira. Ndiyo maana nikachagua Roman Holiday. Ile nyingine siwezi kuishika mkononi.

Nyeusi na Nyeupe
Kwa hiyo filamu ya kumpelekea mlishaiangalia.

Ustadhi wa Barabara ya 13
Nenda wewe mwenyewe. Mchukue mtu mzima wa upande wenu. Kazi iliyopotea umwambie kwanza, kabla ya lolote.

Mtoto wa Projekta
Mrejesho. Shemeji anasema flashi bado iko kwenye mkoba wake, hajampa. Nimemwomba abaki nayo. Baba mdogo amekubali, tunapanda basi la alfajiri kesho.

Jicho Kali
Neno langu la chai nimelifuta, nisamehe. Basi likisimama Muheza, shuka ununue machungwa. Akiuliza yametoka wapi, mwambie Muheza.