Tupeane uzoefu: jina limepanda, moyo umeshuka. Wewe ulifanyaje?

Mleta uzi:

Wakuu, salamu kutoka mwisho wa reli. Uzi huu ni wa waliowahi kujulikana, kidogo au sana, kwa muziki, mpira, uchoraji, riadha au chochote kile. Nataka tusimuliane jambo ambalo hatulisemi tukihojiwa redioni: zile siku unaamka umenuna bila sababu, mtu akikusalimia unaona amekutukana, na jana yake tu watu walikuwa wanaimba jina lako.

Naanza mimi. Mwaka 2012 wasanii wakubwa wenye asili ya Kigoma walipoungana kuimba pamoja, hapa mjini kila kijana aliyejua kupanga vina aliona zamu yake imekaribia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Gungu. Mama alikuwa anauza mawese, akanipa hela nikaingia studio Mwanga. Wimbo ukapigwa redioni, ukaingia kwenye simu za bodaboda, kwenye saluni, mpaka kwenye mabasi ya Kasulu. Kwa miezi minne sikuweza kwenda kununua vocha nikarudi bila kusimamishwa njiani.

Shoo yangu kubwa ya kwanza ilikuwa Ujiji. Nilishuka jukwaani saa nane usiku, usingizi ukanijia alfajiri, moyo bado unadunda. Nilipoamka ilikuwa mchana, nyumba kimya, jua kali nje, sahani ya ugali imefunikwa mezani. Nikakaa nikaitazama ile sahani nikaanza kulia. Sikujua nalia nini. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyenikosea, na mfukoni nilikuwa na hela nyingi kuliko siku zote za maisha yangu.

Baada ya hapo ikawa kila shoo na siku yake ya giza. Huzuni ikageuka hasira. Mdogo wangu aliniomba buku ya daftari nikamfokea hadi majirani wakatoka nje. Usiku nilikuwa nasoma komenti. Mia wamesifu, sita wametukana, na mimi nawajua wale sita kwa majina. Nikawa nawajibu saa tisa za usiku, matusi kwa matusi. Kuna promota aliyasoma majibu yangu, akaondoa jina langu kwenye tangazo la shoo yake. Kwa jinsi nilivyoandika, alikuwa na haki.

Mama hakunihubiria. Aliniamsha saa kumi na moja alfajiri, akasema leo anayembebea beseni anaumwa, twende Kibirizi. Waliowahi kufika pale alfajiri wanajua: vipe, ile mitumbwi ya kuvulia dagaa, vinarudi kutoka ziwani, dagaa wanapimwa, halafu ni mbio za kuwaanika jua likiwa bado changa. Akina mama wa pale hawakuwa na habari na wimbo wangu. Waliniambia tu, "Geuza na upande ule, mwanangu, wanaungua." Nilikwenda siku nane mfululizo. Siku ya tano hivi nikagundua kwamba ikifika saa tatu usiku nasinzia mwenyewe, na asubuhi naamka sina hasira na mtu. Nilikuwa nimekesha miezi minne. Mtu aliyekesha miezi minne hawezi kujua ipi ni huzuni na upi ni uchovu.

Kingine nilikiona kwa wavuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na wavuvi wanabaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanakaa na watoto wao. Hawaoni aibu kwamba wiki hiyo hawana samaki. Na mimi nikajiwekea siku mbili za mbalamwezi baada ya kila shoo: simu anakaa nayo mdogo wangu, studio siingii, mahojiano sifanyi. Leo niko upande wa mitambo, narekodi vijana wengine, na kila anayetoka kwangu na wimbo unaoonekana utapanda namwambia habari ya siku za mbalamwezi kabla hajaondoka.

Karibuni. Semeni hata vilivyoshindikana.

Golikipa Mstaafu:

Mkuu, hiyo sahani ya ugali umeniua nayo. Mimi ni wa Mwanga. Utotoni kila kipa mtaani kwetu aliitwa Kaseja, maana Juma Kaseja ni wa hapa, na mwaka 2003 ndiye aliyekuwa langoni Simba ilipoivua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti. Kwa hiyo jina nilipewa kabla sijafanya kitu. Hilo nalo ni mzigo.

Nilicheza ligi ya mkoa, nikachukuliwa na timu ya mkoa mwingine, sitaitaja. Mechi moja ilionyeshwa kwenye runinga. Dakika za mwisho, kona, mpira umeloa, nikaudaka ukaponyoka mikononi, wakafunga. Klipu ikazunguka nchi nzima ikiwa imewekewa kicheko. Hata shangazi yangu aliye Uvinza alitumiwa. Nikawa mtu wa kufoka. Mazoezini nawafokea mabeki, kambini sili na wenzangu, mwalimu akinirekebisha naona ananidhalilisha. Mshambuliaji akikosa mara tano akafunga moja, anabebwa juu. Kipa akiokoa tisa, inayokumbukwa ni ya kumi.

Aliyenitoa ni kocha wa makipa, mzee wa maneno machache. Alinifundisha kitu kimoja: ukifungwa, vua glavu zote mbili, mwagia maji usoni, gusa mwamba, kisha vaa glavu upya kabla mpira haujaanzishwa katikati. Wala usikimbie kuuokota mpira wavuni, mwachie beki. Mwanzo niliona ni mchezo wa watoto. Lakini mikono ikiwa na kazi ya kufanya, hasira inakosa pa kukaa, na pumzi inarudi yenyewe. Goli linabaki kwenye zile glavu ulizovua. Niliendelea nayo hata baada ya kustaafu: nikigombana na mteja dukani, nanawa uso kabla sijajibu.

Ila nisiseme uongo, haikutosha. Kuna kipindi sikutaka hata kuamka. Kilichonipa ujasiri wa kumwambia mtu ni habari za Iniesta wa Hispania. Rafiki yake Dani Jarque alifariki Agosti 2009, naye akazama kwenye sonona, akakubali kutibiwa na mtaalamu wa saikolojia, na Julai 2010 ndiye aliyefunga goli la fainali ya Kombe la Dunia, akavua jezi kuonyesha jina la rafiki yake. Nikasema kama yule aliweza kusema naumwa, mimi nani?

Na Septemba 2019 nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa Mwanga, Kaseja karudishwa Taifa Stars baada ya miaka ya kutoitwa, tunapigiana penalti na Burundi. Nusu yetu pale ndani tuna wajomba Burundi. Tuliposhinda nilitoka nje nikakaa peke yangu kwenye tofali. Nilikuwa nafikiria ile miaka ya kutoitwa, alikuwa anaamka vipi asubuhi.

Mama Wawili, Katubuka:

Hodi humu. Mimi sijawahi kuwa maarufu, nimeolewa na maarufu. Naomba na sisi tusikike, kwa sababu hizo hasira mnazosimulia zinatua mahali, na mahali penyewe ni nyumbani.

Mume wangu anacheza mpira. Timu ikifungwa tulikuwa tunajua kwa mlio wa geti. Watoto wanazima runinga wenyewe, wanaingia chumbani. Siku moja mdogo, wa miaka mitano, alimpokea baba yake mlangoni, na badala ya shikamoo akamuuliza, "Baba, leo mmefungwa?" Nilimwona baba yake anavyobadilika uso. Usiku ule ndiyo tukaongea kwa mara ya kwanza.

Tulikubaliana hivi. Akirudi anakuta mkeka barazani na jagi la maji. Anakaa nusu saa, hakuna wa kumuuliza kitu, hata mimi. Akiingia ndani anatamka sentensi moja tu: leo nina hasira na refa, au leo najilaumu mwenyewe. Basi. Tukishajua hasira ni ya nani, watoto wanamrukia kama kawaida. Na mimi nilikuwa na kosa langu, nilikuwa namuuliza "mmefungwa ngapi" hata viatu hajavua.

Jambo ambalo halisemwi ni kwamba ushindi nao una siku yake mbaya. Wakishinda, nyumba inajaa marafiki, hela inatoka, Jumatatu hakuna anayepiga simu. Jumatatu hizo zilikuwa nzito kuliko za kufungwa. Mkeka anatandikiwa na siku hizo.

Mchoraji wa Lumumba:

Yangu fupi. Picha yangu moja ya bibi anayemenya muhogo ilisambaa, nikapata oda nyingi kwa wiki moja. Nikaogopa brashi miezi miwili. Kila nikichora naona hii haifikii ile, nachana. Nilikuwa mkali hata kwa wateja. Nikaacha oda, nikarudi kazi yangu ya zamani ya kuandika majina kwenye mitumbwi kule Bangwe. Mwenye mtumbwi anataka herufi zisomeke na rangi isitoke majini, hana zaidi. Mkono ukapona huko.

Mzee wa Kibondo:

Nasoma kwa heshima. Mimi nadhani vijana mnaendekeza mioyo. Sisi tulipitia makubwa tukakaa kimya, tukasali, tukalima. Mwanaume akianza kueleza huzuni yake kila siku inazidi.

Nesi, Tabora:

Mzee wangu wa Kibondo, shikamoo. Kusali na kulima ni dawa kweli, sipingi, na umesikia hapo juu jinsi dagaa walivyomponya mtu. Lakini niruhusu mwanao niseme ninayoyaona wodini. Kununa siku moja au mbili baada ya shoo au mechi ni jambo la mwili: ulipanda juu sana, unashuka, unahitaji kulala na kula. Ikipita wiki mbili, karibu kila siku huna raha, unachokipenda hukitaki tena, usingizi umekwisha au umezidi, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, hiyo huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa kama malaria. Ukianza kufikiria kujidhuru, usisubiri hizo wiki mbili, nenda siku hiyo hiyo, na uende na mtu.

Kwa Kigoma anzeni Maweni, kwa Tabora Kitete, hizo ni hospitali za rufaa za mkoa. Ukifika mapokezi sema unataka kumwona mtu wa afya ya akili, usione haya. Mkipewa vidonge jueni havifanyi kazi siku ile ile kama panadoli, huchukua wiki kadhaa. Wengi wanaviacha siku ya tano wakisema havisaidii. Na Golikipa, hukutuambia: ulimwambia nani?

Golikipa Mstaafu:

Dada nesi, nilimwambia kaka yangu, yeye ndiye aliyenipeleka. Alikaa nje kwenye benchi kwa muda wa saa tatu akinisubiri.

Binti Kasulu:

Shikamooni wote. Mimi nacheza mpira wa pete. Mwaka 2022 nilichaguliwa timu ya mkoa kwenda Umisseta, ile michezo ya shule za sekondari, ilifanyika Tabora. Picha yangu ikabandikwa ubao wa shule, na kuanzia siku ile nikawa "ana maringo". Ukweli nilikuwa nina siku za kukasirika hadi nalia katikati ya mazoezi, na marafiki wakaona ndiyo maringo yenyewe.

Mwalimu wetu wa michezo ni mama, alinipa daftari dogo. Kila jioni niandike mistari mitatu: nimelala saa ngapi, nimekula nini, hedhi imefika wapi. Baada ya miezi miwili tukakaa tukalisoma. Siku karibu zote za kulia zilikuwa mbili tatu kabla ya hedhi, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nimeshindia chai. Siku hizo akawa ananipunguzia mazoezi na ananihakikishia uji wa karanga. Hasira haikuisha, ila nilianza kuijua inakotoka, nikawa nawaambia wenzangu mapema, "Jamani leo msinishangae." Wawili waliokuwa hawanisemeshi tukapatana kwenye basi la kwenda Tabora.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyetusimulia habari za Simone Biles wa Marekani. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021, alijitoa fainali ya timu kwa sababu akiruka hewani alikuwa hajui mwili wake uko wapi. Watu wakamwita mwoga. Paris 2024 akarudi akachukua dhahabu.

Mpiga Solo, Tabora:

Nawasalimu wanangu. Nilipiga gitaa kwenye bendi ya dansi hapa Tabora miaka ya themanini. Jina kubwa mjini lilikuwa Tabora Jazz, ambayo Shem Karenga aliyeipa sifa alitokea huko kwenu Kigoma, kwa hiyo reli ilituunganisha hata kwenye muziki.

Sisi dawa yetu ya moyo ilikuwa chupa. Dansi likiisha unakunywa ili ushuke, asubuhi umeshuka kupita kiasi, jioni unakunywa tena ili upande. Hakuna aliyetuambia kwamba pombe inakulaza lakini inaharibu usingizi wenyewe. Nimezika wenzangu watatu wa jukwaa moja. Mke wangu wa kwanza aliondoka, na alikuwa sahihi kuondoka.

Niliacha mwaka 1991. Niliuza amplifaya yangu, nikabaki na gitaa kavu, nikawa napiga kila asubuhi chini ya mwembe kabla ya kuongea na mtu yeyote. Miembe ya mji huu ni ya njia ya misafara ya kale iliyokwenda hadi Ujiji, imesikia mengi. Siku nikiwa na moyo mbaya napiga polepole, nyuzi mbili tu. Watoto wa jirani wakishazoea wanakuja na vikombe vyao vya chai, wanakaa.

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea mama maneno yako, amesema ufike Kigoma, dagaa wapo. Mama wa Katubuka, mdogo wangu niliyemfokea sasa ana mtoto wake mwenyewe. Nimemtumia habari ya mkeka. Golikipa, glavu nimezichukua, kijana anayerekodi leo nimemwambia akikosea mstari akanawe uso kwanza.

Mwezi unaandama keshokutwa, vipe vinaingia ziwani. Kuanzia hapo saa kumi na moja alfajiri niko Kibirizi. Wa Uvinza, Kakonko, Urambo, bado hatujawasikia.