Rilifu valvu ya pampu ya mafuta ya alizeti inarudisha mafuta mapema, naisetije bila kupasua filta?

Mkamuaji_Kibaigwa
Mbukwenyi wakuu, naombeni msaada wenu. Nina mtambo mdogo wa kukamua alizeti hapa Kibaigwa, mafuta yakitoka kwenye mashine yanatulia kwenye tanki halafu pampu ya gia inayasukuma kwenda filta presi, ile ya sahani zenye vitambaa vya kuchujia. Pampu ina rilifu valvu ya springi, yaani ya kuachia presha ikizidi, ile yenye skrubu juu na lokinati (nati ya kuizuia skrubu isizunguke), bomba lake linarudi tankini. Siku hizi filta haijafika hata nusu mafuta yanarudi tu. Kijana wa mashine kila ikirudisha anakaza skrubu, halafu fundi aliyekuja wiki iliyopita akaweka koki kwenye bomba la kurudishia, akasema tuifunge ili kazi iende. Mimi roho haijatulia maana jana gasketi ya bomba la kutokea ilitapika mafuta ukuta mzima. Kibati cha pampu kimeandikwa presha ya bar 10, cha filta bar 6. Geji ya presha ipo ila hata mashine ikizimwa inasoma 1. Naisetije hii kitu na nitajuaje imekaa sawa?

fundi_mitambo_dom
Mkuu kabla hujaendelea kusoma nenda katoe hiyo koki. Sio kuifungua, itoe kabisa, maana ikibaki ipo siku mtu ataifunga. Pampu ya gia haina huruma, kila mzunguko inasukuma kiasi kilekile cha mafuta, yakikosa pa kwenda presha inapanda mpaka mota ikate au kitu kipasuke, na jana gasketi ndo ilikuwa dhaifu kuliko vyote. Tena hapohapo angalia kati ya pampu na rilifu pasiwe na koki yoyote, na bomba la kurudishia lisiwe jembamba kuliko tundu la kutokea la valvu, likiwa jembamba linajenga presha kwa nyuma inayoisaidia springi kukaza na valvu inachelewa kufunguka.

La pili ni hilo la kukaza. Rilifu sio ya kuongezea nguvu ya kuchuja, ipo kulinda. Na wewe usiangalie bar 10 ya pampu, angalia kilicho dhaifu kwenye laini nzima, kwako ni filta ya bar 6. Chochote utakachoseti, mafuta yote yakipita kwenye rilifu geji isivuke 6.

zabibu_hombolo
Samahani naingilia, mimi na pampu yangu ya kumwagilia zabibu nimefunga koki mara nyingi na haijawahi kupasua kitu, kwani hii ina tofauti gani?

fundi_mitambo_dom
@zabibu_hombolo yako bila shaka ni ya kuzungusha maji kwa impela, hiyo ukifunga koki maji yanazunguka humohumo ndani na presha ina mwisho wake, kama mwisho wake ni kupandisha maji mita 60 basi haivuki kama bar 6. Ila usiiache imefungwa muda mrefu, maji yanachemka ndani na sili inaungua.

Turudi kwa mwenye uzi. Kwanza jua kama valvu ni mbovu kweli, maana filta ikijaa masimbi presha lazima ipande, na rilifu ikirudisha pale mwishoni inakwambia fungua sahani usafishe vitambaa, huo sio ugonjwa. Asubuhi za mwezi wa saba mafuta yakiwa mazito kwa baridi nayo inaweza kurudisha mapema kidogo. Ila ikirudisha wakati vitambaa ni visafi na mafuta yana joto, ifungue. Pima kwanza skrubu imetokeza kiasi gani uandike, ndo ulegeze. Mara nyingi utakuta kipande cha ganda la alizeti kimekaa kwenye kiti cha valvu. Futa, halafu pitisha ukucha pale inapokalia, ukucha ukikwama kuna mkwaruzo, isage kwa pesti ya kusagia valvu mpaka ioneshe duara moja lisilokatika. Springi ikiwa imepinda au ina kutu ya kula chuma badilisha kwa ya kipimo hichohicho, usiweke waya wowote uliookota gereji.

Mkamuaji_Kibaigwa
Koki nimeshaitoa kaka. Nimeifungua, ganda lilikuwepo kweli na mkwaruzo upo. Sasa kuseti?

fundi_mitambo_dom
Nunua geji mpya ya 0 mpaka 10, hiyo inayosoma 1 ikiwa imezimwa haifai kusetia kitu. Ifunge karibu na pampu, kabla ya koki ya kwenda filta. Legeza skrubu ya rilifu mpaka springi iwe nyepesi ila isitoke, washa pampu mafuta yakiwa na joto la kazi, koki ya filta iwe wazi. Mtu mmoja aangalie geji na mkono uwe kwenye swichi. Funga koki ya filta polepole, mafuta yataanza kurudi kwa presha ndogo. Sasa kaza skrubu robo mzunguko robo mzunguko, subiri sindano itulie kila mara. Koki ikiwa imefungwa kabisa na mafuta yote yanarudi tankini, ishia kwenye 5 na nusu. Ukishafika fungua koki, kaza lokinati bila skrubu kuzunguka, kisha rudia kufunga polepole mara tatu uone kama inarudi palepale. Zingatia hili, valvu inaanza kudondosha mapema kuliko pale inapofunguka yote, inaweza kuanza kwenye 5 hivi, kwa hiyo anayeseti kwa tone la kwanza akidhani amemaliza anaweza kujikuta amevuka 6 mafuta yote yakipita. Usikae muda mrefu hapo maana mafuta yakizunguka yanapata moto. Na usijaribu kwa upepo wa kompresa, upepo uliobanwa ukiachia unarusha vyuma.

Mama_Alizeti_Singida
Naongezea, mdogo wangu mkishaseti fungeni waya na sili ya risasi kwenye kifuniko cha skrubu, kijana asiguse. Sisi tunapima upya kila mwezi wa nne kabla mavuno hayajaanza, tunaandika tarehe na presha kwenye daftari la mashine. Na kama mna boila ya mvuke, sefti valvu yake isisetiwe hivi, hiyo ni ya mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi.

Mkamuaji_Kibaigwa
Boila hatuna dada, asante sana. Nimeseti leo, ikifungwa yote geji inasimama 5 na nusu, mara zote tatu. Vitambaa visafi inachuja kwenye 2 na hairudishi hata tone.

fundi_mitambo_dom
Safi. Geji ikifika 4 mwambie kijana aanze kujiandaa kufungua sahani.