Fizikia ya mwanga ina lolote la kutuambia kuhusu maana ya maisha?

Mtafutaji: Wakuu, kuna kitu kinanizunguka kichwani. Nimesoma kwamba mwanga ukipita kwenye nyufa mbili unachora mistari kama mawimbi, ila ukipima umepita ufa upi ile mistari inapotea. Na maana ya maisha naiona hivyo hivyo, ukiikodolea macho inakimbia. Je hii inathibitisha kwamba maana tunaitengeneza wenyewe kwa kuangalia tu?

Fotoni: Mkuu, kwenye "inathibitisha" sikubaliani. Kupima kwenye fizikia si mtu kukodoa macho, ni kifaa kugusana na mwanga, hata chumba kiwe hakina mtu matokeo ni yaleyale. Kinachonigusa mimi ni kingine. Fotoni, yaani vile vipande vidogo kabisa vya mwanga, zikitumwa moja moja, kila moja inaacha kanukta kamoja tu kwenye skrini, na zile za mwanzo zimetapakaa ovyo, huoni mpangilio wowote, mpaka zifike maelfu ndo mistari inaanza kujitokeza. Kwa hiyo mtu anayeitaka maana kwenye siku yake ya leo peke yake anaibana sana hiyo siku.

Bi Nuru: Mi namkumbuka Herschel, yule mwanasayansi wa nyota. Mwaka 1800 alitawanya mwanga wa jua kwa prizimu, kile kioo kinachoutenganisha kuwa rangi, akaweka themomita kwenye rangi, na nyingine akaiweka nje kidogo ya nyekundu pale ambapo jicho halioni kitu, na hiyo ndo ikapanda zaidi. Ndo infraredi, miale isiyoonekana kwa macho, ikajulikana. Nilipofiwa na mama sikuona maana ya chochote jamani, ila kuna jirani alikuwa anakuja jioni anakaa tu na mimi, wala haongei, na nikawa nalala. Sikuona kitu lakini kilikuwa kinafanya kazi. Na ile miale ilikuwepo kabla Herschel hajaipima, kwa hiyo hili la kutengeneza wenyewe bado linanipa shida.

Mtafutaji: Asanteni sana. Sasa @Fotoni, ile mistari inatokea kwa sababu nyufa zimetulia palepale. Kwenye maisha nyufa ni nini?

Fotoni: Nadhani ni yale usiyoyabadilisha, mfano watu uliokubali kuwalea. Ukizihamisha hamisha nyufa wakati fotoni zinaendelea kupita, mistari inafutika unabaki na ukungu. Ila kama mtu anazichagua au anazikuta, hapo Bi Nuru ana hoja, maana wazazi wangu sikuwachagua na ndo wameninyoosha kuliko chochote nilichokichagua mwenyewe.