Naomba ushauri: nina ADHD, na akili mnemba ndiyo inayoendesha siku zangu

KengeleTatu (mleta mada): Wanajamvi, salaam. Nina umri wa miaka 34, na miaka miwili iliyopita daktari alinithibitishia kuwa nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya umakini na kujipanga kuwe kugumu, baada ya maisha marefu ya kuitwa mvivu. Kwa miezi mitano sasa natumia programu ya akili mnemba kupanga siku zangu. Nikiiambia kuwa nyumba imenishinda, huniambia nisimame, nikusanye vikombe peke yake, kisha nirudi kuiarifu. Kila asubuhi naisimulia yote yaliyojaa kichwani, nayo hunichagulia mambo matatu tu. Kwa mtu anayeingia chumbani akasahau alichofuata kabla hajaufunga mlango, huo si msaada mdogo. Swali langu: je, kuna hatari gani nikizidi kuitegemea? Nauliza kwa sababu wiki hii sijapata usingizi. Naomba kuwasilisha.

BibiMaua: Mwanangu, sisi tulikuwa na daftari na kalamu, na mambo yalikwenda. Mtu akizoea kubebwa husahau kutembea. Jitie nidhamu, ulale mapema na uamke mapema.

Mzizi: Bibi, kwa heshima zote, ADHD si utovu wa nidhamu. Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, ambao madaktari huutumia kutambua matatizo ya akili, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya mtu kutimiza miaka 12, tena katika mazingira zaidi ya mamoja, nyumbani na shuleni kwa mfano. Mimi nilinunua madaftari mengi, na yote yana kurasa tatu zilizoandikwa vizuri, zinazofuata ni tupu. Daftari halikuiti ukilisahau. Mleta mada, mimi ningependa kujua kama unatumia dawa, kwa sababu mimi dawa ndiyo iliyonipa ile nafasi ndogo kati ya wazo na tendo, na ningeshauri uanzie hapo.

KengeleTatu: Dawa natumia, na daktari anajua. Sikuja kwa ajili ya hilo.

Dira: Basi tueleze ulichojia. Mtu hakosi usingizi wiki nzima kwa sababu ya vikombe. Nini kimetokea?

KengeleTatu: Sawa. Kwa miezi miwili, ujumbe wa dada yangu mkubwa naujibu kupitia programu hiyo. Naunakili, inaandika jibu, natuma, mara nyingi bila kulisoma hadi mwisho. Wiki iliyopita aliuliza nani atampeleka mama kliniki siku ya Alhamisi, akagusia na ule upasuaji wa jicho wa zamani. Jibu lililokwenda kwa jina langu lilisema: "Usijali dada, nitampeleka mimi, kama nilivyompeleka siku ile ya jicho." Siku ile ya jicho aliyempeleka ni dada, mimi sikutokea. Na Alhamisi sikujua kuwa nimeahidi chochote. Mama alikaa kwenye kiti karibu na mlango, amekwisha kuvaa viatu, tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba. Dada ameniandikia neno moja tu: "Jicho?"

Nimeshaiomba programu iniandalie barua ya kuomba radhi isiyotaja namna jibu lile lilivyoandikwa, na barua iko tayari. Kabla hamjanihukumu, kumbukeni kuwa zamani nilikuwa nakaa hata majuma mawili bila kumjibu, si kwa dharau, bali kwa sababu kila siku iliyopita ilifanya kuanza kuwe kugumu zaidi. Angalau sasa alikuwa anapata majibu.

Mzizi: Programu hizi hukisia neno linaloelekea kufuata. Iliona neno jicho, ikatunga kumbukumbu inayofaa mahali pale, na haikuwa na njia ya kujua kuwa ni uongo. Wala ahadi haikuingia kwenye kalenda yako, kwa kuwa kuandika "nitampeleka" na kuweka kengele ya Alhamisi ni kazi mbili tofauti. Vikombe iachie. Ahadi usiiachie.

BibiMaua: Mimi nimebaki kwenye vile viatu. Mama yangu naye alikuwa akijiandaa mapema namna hiyo, na kuna siku nilichelewa, nikamkuta amelala palepale kitini na mkoba mapajani. Ni miaka mingi sasa, na bado namwona.

Shubaka: Samahanini, lakini nahisi hii ni chai. Mtu mwenye ADHD aandike aya zilizonyooka hivi, kila nukta mahali pake? Au mleta mada hana dada, au tunaijibu mashine.

Dira: Shubaka, wengi wenye ADHD huandika vizuri sana wakishaanza. Tatizo huwa ni kuanza.

KengeleTatu: Sikatai. Nilizungumza kwa sauti, programu ikapanga sentensi. Maneno yangu kabla hayajasafishwa ni haya: "Mama viatu, alikuwa na viatu tayari, mimi nilikuwa nanunua betri, hapana, kabla ya betri, dada ameandika jicho, siwezi kufungua simu." Amini utakavyo.

Shubaka: Hayo nayaamini. Lakini barua hiyo usiitume. Dada yako amekwisha kuuliza swali, na barua hiyo imeandikwa ili kulikwepa.

KengeleTatu: Mnanitaka nimwambie kuwa miezi miwili alikuwa akizungumza na programu. Ataona sikumthamini.

Dira: Neno "Jicho?" linaonyesha ameanza kuona. Mpigie, ndugu yangu, kabla hujaifungua programu tena.

KengeleTatu: Nimempigia mara mbili, hakupokea. Nimeandika mwenyewe, bila msaada: "Dada, ujumbe wa jicho sikuuandika mimi. Nisamehe. Mama yuko macho?" Alama inaonyesha ameusoma. Sasa anaandika.