Remco Evenepoel: mwili ndio wamwangusha, au kichwa?

Kaskazi_Nyali

Salaam wadau. Msimu wa 2025 umefungwa, Januari 2026 Remco, mwendesha baiskeli wa Ubelgiji, anavaa jezi ya timu ya Red Bull – BORA – hansgrohe, na ubishi wa barazani bado haujatulia tangu mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali. Kundi moja lashikilia kwamba jamaa ni yai, ukimgusa tu mfupa umekwenda. Kundi la pili lasema mwili hauna neno, shida ni kichwa: mambo yakienda kombo hupandwa na mori badala ya kukanyaga pedeli.

Mimi nimekwama katikati. Mtu aliyempita Pogačar, bingwa wa Tour, njiani kule Kigali kwenye mbio za saa (kila mtu peke yake dhidi ya saa), ilhali Pogačar alitangulia kuondoka kwa dakika 2 na nusu, huwezi kumwita dhaifu. Lakini mtu huyohuyo mwezi Julai aliiacha Tour de France akiwa wa 3 kwenye muda wa jumla, akaingia garini mwanzo mwanzo wa mlima Tourmalet. Wanaozifuata mbio hizi kwa karibu, nipeni hesabu, si mapenzi. Aweza kushinda Tour au tujipe pole mapema?

BintiTudor

Kaskazi, tenganisha kwanza kuanguka na kuvunjika. Ukianguka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, umevaa kinguo chepesi tu, mkono ndio hutangulia chini na nguvu yote hupanda begani. Ndio maana mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega, ndio unaovunjika kila leo katika mchezo huu. Haimaanishi mifupa yake ni laini kuliko ya wenziwe.

Haya, tuhesabu zile kubwa. Agosti 2020, mbio za Lombardia kule Italia, kwenye mteremko wa Sormano: aligonga ukuta wa daraja akatumbukia bondeni, fupanyonga likavunjika na pafu likaumia. Hilo ni kosa lake, kona aliikosea, usimtafutie mchawi. Hakukimbia tena mpaka Giro, mbio za wiki 3 za Italia, ya Mei 2021. Aprili 2024, Itzulia, mbio za Basque kule Uhispania: mtulinga na bapa la bega. Kona ileile, siku ileile, Vingegaard wa Denmark naye alivunjika mtulinga na mbavu, pafu likatoboka, na Roglič wa Slovenia pia alikwenda chini. Mbona Vingegaard hamwiti yai? Desemba 2024, mazoezini kwao Ubelgiji: gari la posta lilifungua mlango mbele yake. Ubavu, bapa la bega, mkono, na mtulinga ukatoka mahali pake. Hapo hata ungekuwa umeundwa kwa chuma.

Sasa tazama alivyorudi. Baada ya Itzulia alikuwa Tour ndani ya miezi 3: akachukua hatua ya 7 ya saa, jezi nyeupe ya kijana bora, na nafasi ya 3 ya jumla. Wiki chache baadaye akatwaa dhahabu 2 za Olimpiki, ya saa na ya barabara, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kulifanya katika michezo mmoja. Baada ya ule mlango wa posta alirudi tarehe 18 Aprili 2025, mbio za siku moja za Brabantse Pijl, akamshinda Mbelgiji mwenziwe Wout van Aert siku yake ya kwanza barabarani. Mifupa ya namna hiyo si ya mtu mgonjwa.

Kinachomwangusha ni kalenda. Mfupa waunga kwa wiki 6 hadi 8, lakini bega lililotoka halimruhusu kushika usukani, na siku chache za mwanzo ni kulala tu. Wiki 3 au 4 bila mzigo wa maana, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka asilimia 5 mpaka 10 hivi, na damu yenyewe hupungua wingi wake. Ule ukali wa dakika 5 hurudi upesi, ndio akashinda Brabantse Pijl. Kisichorudi upesi ni msingi wa Desemba hadi Februari, zile wiki za saa 20 na zaidi kwa mwendo wa wastani, ambazo ndizo hulipa wiki ya 2 na ya 3 ya Tour. Na angalia mbio za Liège siku 9 tu baada ya Brabantse Pijl: Pogačar alipoondoka kwenye kilima cha La Redoute, Remco hakuwapo.

Mkanyagaji_Kisauni

Dada umeeleza vizuri ila umemtetea mno. Baada ya mashindano ya dunia ya Leuven 2021 si yeye aliyesema hadharani miguu ya kushinda alikuwa nayo, wakati timu nzima ya Ubelgiji ilikuwa ikimchezea Van Aert? Na Kigali alisimama pembeni akirusha mikono, baiskeli imelala, dakika zayoyoma. Pogačar hufanya hivyo?

Fundi_Majengo

Nyinyi mwaongea mifupa na tabia, mimi naongea nati.

Kigali, mbio za barabara: kilomita 267.5, kupanda mita 5,475 kwa jumla, na waliomaliza ni 30 tu. Remco aliingia shimo kabla ya Mlima Kigali, kiti kikashuka. Pogačar akashambulia palepale mlimani, zimebaki kilomita 104 hivi. Misuli ya nyuma ya paja ya Remco ikaanza kubana, akabadilisha baiskeli. Ile ya pili kiti hakikukaa sawa, kiuno kikauma, akabadilisha tena. Pamoja na yote hayo alimaliza wa 2, dakika 1 na sekunde 28 nyuma.

Kiti hushukaje? Nguzo ya kiti ya kaboni ndani ya fremu ya kaboni hushikwa na kabari ndogo, na bolti yake hukazwa kwa nyutoni-mita 5 au 6, kutegemea alichoandika mtengenezaji. Ukizidisha kaboni hupasuka, ukipunguza nguzo huteleza. Ndio maana nguzo hupakwa grisi maalumu yenye chembechembe ngumu, ya kuongeza mshiko, si ile laini ya bearing. Kabari ikiingia jasho na maji ya sukari ya chupa, au fundi akapaka grisi ya kawaida, pigo moja la shimo latosha.

Kwa wenye baiskeli za kaboni hapa kisiwani, tuna balaa la ziada: hewa ya chumvi. Bolti ikishika kutu kwenye nyuzi zake, spana ya kipimo hulia mapema. Nguvu yote imeliwa na kutu, kabari yenyewe bado haijabana, na wewe waona namba imefika. Fungua, sugua nyuzi kwa brashi, paka grisi ya kawaida kwenye nyuzi za bolti PEKEE, futa kabari kwa spiriti, ile ya chembechembe weka kwenye nguzo, kaza kwa kipimo. Halafu zungusha utepe wa umeme kwenye nguzo pale inapoingia fremu. Kikishuka milimita 2 utauona mstari.

Baiskeli ya akiba nayo ina hadithi yake. Fundi hupima kutoka katikati ya ekseli inayobeba mikono ya pedeli mpaka juu ya kiti, ncha ya kiti mpaka usukani, na ulalo wa kiti. Vipimo vyote vyaweza kulingana na bado mpandaji akalalamika, kwa sababu kiti anachofanyia mazoezi sponji yake imeshalala, na cha akiba ni kipya, kiko juu kwa milimita kadhaa ukishakalia. Huyu akanyaga mara 90 kwa dakika, saa 6 na zaidi. Ni zaidi ya mara 30,000. Milimita 4 kwa wewe na mimi ni mchezo, kwake ni kiuno.

Na Mkanyagaji, kuhusu kurusha mikono: kwenye mashindano ya dunia na Olimpiki wapandaji hawana redio masikioni. Hiyo ndiyo tofauti na Tour. Ukiwa na shida, gari la timu halijui mpaka likuone au liambiwe na watu wa mbio, na barabara ikiwa imejaa makundi yaliyovunjika gari laweza kuwa mbali sana nyuma. Ile mikono ndiyo redio yake. Paris 2024 vilevile: tairi ilikwenda pancha zimebaki kama kilomita 4, akawa anapiga makelele aletewe baiskeli na kuuliza pengo ni sekunde ngapi, kwa sababu kweli hakujua. Ilikuwa zaidi ya dakika 1.

Mkanyagaji_Kisauni

La redio sikulifikiria, fundi. Lakini Leuven hamjanijibu 😂

MzeeShanzu

Leuven alikuwa na miaka 21, mtoto aliyetoka kwenye soka ya Anderlecht na PSV, kazoea kuvaa utepe wa unahodha. Alisema alichokiona. Hakukuwa na adabu ndani yake, ni kweli, lakini hakumpotezea mtu medali. Mwaka uliofuata alikwenda mashindano ya dunia ya Wollongong akaondoka peke yake na jezi ya upinde wa mvua ya bingwa. Tuachane nalo.

Swali zito la Kaskazi ni Tourmalet, na watu wachanganya maradhi mawili tofauti. Siku ya kwanza ni Vuelta, mbio za wiki 3 za Uhispania, mwaka 2023, hatua ya 13, iliyomalizikia juu ya Tourmalet: alipoteza dakika 27. Siku ya pili ni Tour 2025, hatua ya 14. Zafanana kwa jambo moja: mara zote mbili aliachwa kwenye mlima mkubwa wa kwanza wa siku, si wa mwisho. Mtu aliyeishiwa sukari kwa kawaida huanguka mwishoni, saa ya 4 au ya 5, akiwa hakula gramu 90 mpaka 120 za wanga kwa saa. Akiachwa mlima wa kwanza, basi aliamka tanki tupu.

Lakini tazama siku zilizozunguka. 2023: siku moja kabla hakuna dalili, siku moja baadaye akashinda hatua ya 14, akalia mbele ya kamera, kisha akachukua hatua nyingine na jezi ya milima. Ugonjwa wa siku moja. Mwili hauwezi kuwa umekwisha ukashinda kesho yake. Hapo nakubali kichwa kilichangia: alipoona hawezi kufuata, aliuachia mlango wazi. Angepoteza dakika 5 badala ya 27, bado angekuwa kwenye mbio.

2025 ni kinyume. Hatua ya 12, mlima Hautacam, alipoteza zaidi ya dakika 3 na nusu. Hatua ya 13, kupanda Peyragudes dhidi ya saa, yaani fani yake mwenyewe, Vingegaard aliyeondoka dakika 2 nyuma yake alimfikia karibu na mstari. Hatua ya 14, garini. Huo ni mteremko wa siku tatu, si hasira. Ndio msingi wa baridi aliousema Binti, ule uliokatwa na mlango wa posta. Wiki ya kwanza ilimpa saa ya Caen, hatua ya 5, kwa sababu kilomita 33 tambarare zataka umbo na nguvu ya muda mfupi. Wiki ya pili ikadai deni.

Umbo lenyewe nalo lafaa kutajwa. Ana mita 1.71 na kilo 61 hivi. Akilala juu ya baiskeli ya saa kichwa huzama katikati ya mabega, upepo hauna pa kushika, na ndio maana huwashinda watu wenye wati nyingi kuliko yeye. Kupanda, upepo hauhesabiki sana, hiyo faida yake yote yayeyuka. Kwa hiyo mlimani aonekana dhaifu kumbe ni yuleyule, ila amevuliwa silaha.

Kaskazi_Nyali

Mzee, hapo kwenye maradhi mawili umenifungua. Na wale wanaosema atakuwa kama Froome wetu wa Nairobi, aliyeanguka 2019 asirudi tena kwenye kiwango chake?

BintiTudor

Hawalingani. Froome Juni 2019 alikuwa akikagua njia ya saa ya mbio za Dauphiné kule Ufaransa, akatoa mkono kwenye usukani kupenga kamasi, upepo ukachukua gurudumu la mbele. Paja, kiwiko, mbavu. Paja! Mfupa wa paja ukiunganishwa, urefu wa mguu na mvuto wa misuli waweza kubadilika, na mguu mmoja ukabaki nyuma kwa wati miaka na miaka. Tena alikuwa na miaka 34. Remco majeraha yake ya karibuni yote ni juu ya kiuno, na Januari atimiza 26. Kigali alishinda saa kwa zaidi ya dakika 1 mbele ya Jay Vine, taji lake la 3 mfululizo. Miguu ipo.

Mkanyagaji_Kisauni

Basi tabirini. Tour 2026?

MzeeShanzu

Podiamu, akipata Desemba na Januari nzima bila kuanguka. Ushindi, sioni, maadamu Pogačar na Vingegaard wamesimama. Cha kutazama si ushindi wa Februari, huo atapata. Tazama mbio za wiki moja zenye milima ya dakika 40 na zaidi, siku mbili mfululizo. Ya pili akipoteza chini ya dakika 1, msingi upo.

Fundi_Majengo

Nami naongeza: kule anakokwenda wamo Roglič na Lipowitz, na Lipowitz ndiye aliyemaliza wa 3 Tour 2025 akavaa jezi nyeupe Remco aliyoiacha njiani. Zamani akiwa na siku mbaya timu nzima ilirudi nyuma kumvuta. Sasa akiachwa Tourmalet, gari litabaki na Lipowitz.

BintiTudor

Ndio maana ningempeleka Giro kwanza. 2023 alikuwa na jezi ya waridi ya anayeongoza mkononi, ameshinda saa ya Cesena, korona ikamtoa jioni ileile. Deni hilo halijalipwa, na wiki 3 za Mei hazina Pogačar kila mwaka.